Mkono wa Dirisha

Nyumba zetu za pwani huliwa na chumvi kimyakimya, na mikono ya madirisha haisaliimiki. Uliokatika wengi wetu huufunga kwa kamba. Upepo wa kusi ukivuma, dirisha hujipigiza hadi kioo kipasuke. Na chumbani mwa wanawake, sitara nayo huondoka. Ghorofani ndiko tunakokuhofia zaidi: mtoto aegemeapo dirisha lisilofungika hana kinachomzuia.

Kazi hii haimngojei fundi. Skrubu zilizoshika kutu zitieni mafuta ya taa, mbali na moto, zilale usiku mmoja, kisha zifungueni polepole. Nyundo msiiguse. Mkono mkongwe nendeni nao dukani, mpime nafasi baina ya matundu yake, tena mwangalie ni wa kulia au wa kushoto, kwani katika madirisha ya chuma mmoja haukai pahala pa mwenziwe. Sisi twapendelea wa shaba ya manjano, ijapokuwa bei yake huuma. Ule wa chuma uliopakwa rangi ya kumetameta hushika kutu mara tu rangi ikwaruzikapo. Mkiisha kuukaza, pakeni maungio mafuta mazito, na mrudie kila masika yakikaribia.