Mashindano ya kompyuta yasiwaache watoto wa vijijini



Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe maoni yangu kuhusu mashindano ya wanafunzi ya kuandika programu za kompyuta. Siku hizi mashindano hayo yanatangazwa mara kwa mara, na washindi tunawaona magazetini wakikabidhiwa vikombe na zawadi. Sina kinyongo nao, wanastahili pongezi. Ninalouliza ni hili: mtoto wa kijijini yuko wapi?

Mwaka jana tangazo la mashindano ya namna hiyo lilitufikia shuleni kwetu kwa simu ya mwalimu mwenzangu. Masharti yalikuwa matatu: kujiandikisha kwa intaneti, kila mshiriki awe na kompyuta yake, na maswali yote yawe kwa Kiingereza. Shule yetu haina umeme wala kompyuta. Kwa hiyo sisi tulikwisha kutolewa kabla filimbi haijapulizwa.

Wapo watakaosema kwamba kushindana kompyuta bila kompyuta ni sawa na kucheza kandanda bila mpira. Sivyo hata kidogo. Kinachopimwa katika mashindano haya si wepesi wa vidole, bali ni akili ya kupanga kazi hatua kwa hatua. Mtoto aliyewahi kuulizwa jinsi ya kuwavusha mtoni chui, mbuzi na majani kwa mtumbwi mdogo amekwisha kuionja kazi hiyo.

Nitoe mfano ninaoutumia darasani. Nawasimamisha wanafunzi 8 mstarini, nawataka wajipange kwa urefu, lakini kila mara wapimane wawili wawili tu. Wakipimana jirani kwa jirani, tangu mwanzo wa mstari hadi mwisho, kisha wakarudia mpaka wote wakae sawa, huenda wakahitaji kupimana mara 28. Lakini wakianza kwa jozi nne, kisha jozi zikaunganishwa kuwa makundi mawili ya wanne, na makundi hayo yakaunganishwa kuwa mstari mmoja, hawatazidi mara 17. Kwa watu 8 tofauti ni ndogo. Kwa majina 1,000, njia ya kwanza yaweza kudai kupima mara 499,500, na ya pili haifiki mara 10,000. Hilo ndilo somo lenyewe, na tulilifanya chini ya mwembe.

Tutazame na wenzetu. Olimpiadi ya Kimataifa ya Kompyuta kwa wanafunzi wa sekondari ilianza mwaka 1989 katika mji wa Pravetz, Bulgaria, kwa msukumo wa UNESCO, nchi 13 zikishiriki. Kila nchi hupeleka vijana wasiozidi wanne, nao hushindana siku mbili, saa tano kila siku. Afrika imeyapokea mashindano hayo Cape Town mwaka 1997 na Alexandria mwaka 2024. Kubwa la kujifunza ni kwamba maswali hayaachwi kwa Kiingereza. Usiku wa kuamkia kila siku ya mashindano viongozi wa timu hukaa wakiyatafsiri, ili kila kijana asome kwa lugha anayoielewa vizuri. Ikiwa ulimwengu mzima unakesha kumtafsiria kijana, sisi wenye Kiswahili kinachofundishia shule za msingi nchi nzima tunashindwa nini?

Tena, Lithuania ilianzisha mwaka 2004 mashindano yaitwayo Bebras, ambayo leo yamekwisha kuenea katika nchi nyingi. Maswali yake ni mafupi, yanataka fikra tu, na mtoto asiyejua kuandika programu anaweza kuyajibu. Afrika ya Kusini nayo, yenye olimpiadi yake ya kompyuta tangu mwaka 1984, imetumia karatasi na kalamu kutafuta vipaji kwanza. Kompyuta hufuata baadaye.

Historia yetu wenyewe yatosha kutufunza. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku, baada ya hasara iliyotokana na jaribio la kuhamishia hesabu za Serikali kwenye mashine. Mashine zilikuwapo, wataalamu wetu ndio waliokuwa haba. Leo marufuku hiyo haipo, lakini tukinunua mashine bila kuandaa vichwa vya kuziamuru, tutarudia yale yale.

Wengine wanadai kwamba kazi hii sasa itafanywa na mashine zenyewe. Ni kweli kwamba mwaka 2025 kampuni ya OpenAI ilitangaza kuwa programu yake imepata alama za kiwango cha dhahabu katika maswali ya Olimpiadi hiyo, iliyofanyika Bolivia. Lakini asiyeweza kukagua jibu la mashine atalazimika kulimeza lilivyo. Kikokotoo hakikuondoa hesabu shuleni, maana muuza duka asiyejua hesabu hata kikokotoo chake humdanganya.

Kwa hiyo napendekeza haya. Kwanza, raundi ya mwanzo ifanyike kwa karatasi, kwa Kiswahili, katika kila shule inayotaka, nasi walimu tusahihishe. Pili, watakaofaulu wakutanishwe wilayani, katika sekondari au chuo chenye kompyuta, wafundishwe kwanza ndipo washindanishwe. Tatu, zawadi ya kompyuta apewe mshindi, na nyingine ipewe shule yake, ili wadogo zake nao waikute. Nne, vyuo vya ualimu vitufundishe kazi hii. Katika chuo nilikosoma tulifundishwa kuandika barua na kupanga alama kwa kompyuta, lakini kuiamuru ifanye jambo jipya hatukufundishwa.

Gharama ya hayo kwa kuanzia ni rimu za karatasi na nauli. Hasara ya kuyaacha ni kubwa zaidi. Binti wa darasa la sita anayeigundua njia ya kupimana mara 17 bila kuambiwa, kisha akamaliza shule asijue kwamba akili ile ina jina na ina kazi, ni mali ya taifa iliyopotea, wala hakuna mkaguzi atakayeiandika katika daftari lake. Wanaoandaa mashindano haya, pamoja na wakubwa wa elimu, wasingoje umeme ufike kila kijiji ndipo waanze kututafuta.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Wilaya ya Kondoa.