AFYA YA JAMAA: Dalili si hukumu

Wahenga walisema, "Dalili ya mvua ni mawingu." Ni kweli; lakini kila mkulima wa Kasongo na Kabambare amekwisha kuona mawingu yaliyopita pasipo kunyesha. Yafaa neno hilo alikumbuke kila mama mjamzito aliyepimwa kwa ekografi, akaambiwa kwamba limeonekana jambo lisilo la kawaida.

Chombo hicho hutuma mawimbi ya sauti tumboni, na mwangwi wake hufanya picha. Picha yaonyesha mambo yalivyo siku ile. Haionyeshi mwisho wa mimba. Kwa mfano, kondo la nyuma likionekana limekaa chini katika mwezi wa tano, mara nyingi huonekana limepanda kadiri tumbo linavyokua. Basi mama apimwe tena karibu na mwezi wa nane. Likiwa bado limeziba mlango wa uzazi, asijaribu kuzaa nyumbani: itambidi apasuliwe, maana kutokwa damu kwaweza kumwua. Vifuko vidogo vya maji katika ubongo wa mtoto, visipofuatana na kasoro nyingine, kwa kawaida hutoweka vyenyewe. Lakini mtoto ambaye fuvu na ubongo wake havikuumbika hawezi kuishi. Hapo wazazi wana haki ya kuambiwa kweli kwa upole, wala mama asisingiziwe uchawi au kosa lolote.

Kasongo yenyewe ina ushahidi juu ya dalili ya namna nyingine. Katika mradi wa afya ulioanzishwa huko mwaka 1971, madaktari walichunguza kama taabu za uzazi uliopita zatabiri kwamba mtoto atakwama njiani. Hesabu zao, zilizotolewa mwaka 1984, zilionyesha ya kuwa katika kila akina mama 10 waliohofiwa, 9 hivi hawakupatwa na shida hiyo. Tena, katika kila 10 waliopatwa nayo, 7 hivi hawakuwa wamehofiwa.

Basi mafundisho ni mawili. Mama aliyeonekana na dalili asikate tamaa. Amwulize daktari: Je, jambo hili laweza kubadilika? Nirudi lini? Nizalie wapi? Naye aliyeambiwa kwamba yote ni sawa asizalie mbali na msaada. Nanyi akina baba, wekeni akiba ya safari mapema. Na mama akaaye mbali ahamie karibu na hospitali kabla siku zake hazijatimia.