Namba ya Skrini Haitoshi: Kihisi cha Pembe na Usalama wa Tiba ya Mionzi

Mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi alalapo juu ya meza ya tiba ya mionzi, mkono wa mashine humzunguka ili miale imfikie kutoka pande kadhaa, mara nyingi katika nyuzi 0, 90, 180 na 270. Skrini huonyesha pembe, nayo huaminiwa. Ni haki kuuliza namba hiyo hutoka wapi.

Katika mashine nyingi hutoka kwenye potenshiometa: kihisi chenye utepe wa kaboni au wa plastiki ipitishayo umeme, pamoja na kidole cha chuma kinachousugua utepe huo kadiri mhimili unavyozunguka. Utepe wa nyuzi 300 ukipewa volti 6, kila uzi mmoja wa pembe ni volti 0.02, kidole kikiwa katikati, husomeka volti 3, yaani nyuzi 150. Kwa kuwa mkono wa mashine huzunguka duara zima, hutumika kihisi cha mizunguko mingi kilichounganishwa kwa gia au mnyororo.

Kinachosuguana huchakaa. Utepe ukilika au ukiingia vumbi, namba hurukaruka, na mtumishi makini hugundua. Hatari zaidi ni skrubu iliyolegea au gia iliyoruka jino: namba hutulia, huku si ya kweli. Kosa la nyuzi 5 husogeza mwale karibu milimita 9 katika umbali wa sentimita 10 kutoka kitovu cha mzunguko, na kibofu au utumbo huweza kupata dozi isiyokusudiwa. Mashine nyingi zina vihisi viwili vinavyolinganishwa. Hata hivyo, vihisi viwili vilivyorekebishwa kwa kipimo kimoja chenye kosa vitakubaliana katika uongo.

Ndiyo maana pimamaji iwekwayo juu ya kichwa cha mashine haijapitwa na wakati. Mwongozo wa chama cha wanafizikia tiba wa Marekani, AAPM, wa mwaka 2009, unataka pembe hizo nne zihakikiwe kila mwezi, na tofauti isizidi nyuzi 1. Kihisi kikibadilishwa, au hata kikiguswa tu, uhakiki urudiwe kabla ya mgonjwa mwingine kulazwa mezani. Kupuliza dawa ya kusafishia si tiba: huweza kuondoa kilainishi cha utepe na kuficha ubovu kwa siku chache. Namba inayorukaruka ni ishara ya kubadilisha kihisi.

Foleni ni ndefu, na kishawishi cha kuahirisha ukaguzi ni kikubwa. Lakini saa ya ukaguzi ni sehemu ya matibabu, wala haikuibwa kwa mgonjwa. Yafaa iandikwe katika ratiba, matokeo yaingizwe daftarini, na wanaosubiri nje waelezwe sababu. Mgonjwa aliyeelezwa husubiri kwa moyo mtulivu, na akiuliza, "Mashine imepimwa lini?", anastahili kujibiwa kwa tarehe.