Meza ya Samaki Kando ya Ziwa



Apitaye barabara itokayo Uvira kwenda Baraka, akafika Swima saa ya jioni, hana haja ya kuuliza chakula kinapatikana wapi. Moshi wa makaa humwonyesha njia, na harufu ya samaki humshika mkono. Mbele ya kibanda cha mabati, chini ya mwembe, pana mabenchi mawili matatu, meza ya mbao isiyo na kitambaa, jiko lenye waya juu yake, na karai la mawese yachemkayo. Hapo huketi dereva, mvuvi, mwalimu, na mama arudiye sokoni na mtoto mgongoni. Redio hulia, vicheko hupanda, na ziwa liko hatua chache tu kutoka benchi la mwisho.

Mahali pa namna hii katika nchi yetu ya Kongo watu wengi hupaita nganda. Neno hilo ni la Kilingala, na maana yake ya kwanza ni kambi ya wavuvi. Baadaye watu wa Kinshasa walilichukua wakapaita hivyo mahali pa kulia samaki na kunywa pamoja na marafiki. Basi, ndugu msomaji, usidhani ya kuwa sisi watu wa ufukweni tumeiga mji. Mji ndio ulioazima jina kwa wavuvi.

Na chakula chenyewe je? Mfalme wa meza hii ni mukeke, ambaye wenzetu wa Kigoma ng'ambo ya ziwa humwita mgebuka. Hupasuliwa, hutiwa chumvi na ndimu, huwekwa juu ya makaa mpaka ngozi ikauke na mafuta yadondoke motoni. Huliwa kwa ugali wa muhogo na pilipili, tena kwa mkono, maana uma haujui mifupa ilipo. Asiye na fedha ya mukeke huagiza ndagala waliokaangwa, naye hushiba vilevile.

Yafaa tukumbuke jinsi samaki huyo alivyofika mezani. Usiku usio na mwezi wavuvi huingia ziwani na taa. Ndagala huufuata mwanga, na mukeke humfuata ndagala ili amle. Wavu huwa umeshushwa chini ya taa, katikati ya mitumbwi iliyounganishwa kwa miti, nao huinuliwa kwa nguvu za mikono wakati samaki wamekusanyika. Zamani taa zilikuwa karabai; siku hizi nyingi ni za betri zilizojazwa kwa nguvu za jua. Lakini mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa hushindwa, na mitumbwi hulala ufukweni. Ndiyo sababu mama mpishi huhesabu siku zake kwa mwezi wa mbinguni kuliko kwa kalenda ya ukutani.

Jioni moja ya siku kama hizo, mwezi ukiwa mpevu, tulikaa kwenye benchi tulilozoea tukaomba samaki. Tuliletewa sahani ya visamaki vinane, kila kimoja kama kidole. Kama wangalikuwa ndagala, tusingalisema neno, kwa kuwa ndagala ni mdogo kwa asili yake. Lakini hawa walikuwa watoto wa sangala, samaki ambaye akiachwa akue, mmoja hulisha nyumba nzima. Walikuwa wamevuliwa kwa kokoro, wavu ule ukokotwao mpaka pwani, wenye macho madogo yasiyobagua mtu mzima wala mtoto.

Tulimwuliza mama mpishi kwa upole, naye alitujibu kwa upole pia:

«Mwalimu, nikiwakataa mimi, jirani yangu atawanunua. Nawe ungelikwenda kula kwake. Nami nina watoto watano, na karo yao inangojwa.»

Hatukuwa na jibu. Tulikula. Hatutaki kuwaficha ninyi mnaotusoma kila juma: tulikula wote wanane, tukalipa, tukaenda zetu. Tangu siku hiyo jambo hilo halijatutoka moyoni.

Maana ziwa hili, ingawa ni kubwa, si ghala lisilo na mwisho. Urefu wake wapata kilomita 670, na kina chake mita 1,470. Katika dunia nzima ni ziwa la Baikal tu lililo na kina zaidi. Lakini chakula cha samaki hutoka kwenye tabaka la juu, mahali jua linapofika. Kila mwaka, tangu Mei hadi Septemba, upepo wa kusini huyatikisa maji na kuipandisha juu rutuba iliyolala chini. Rutuba huotesha vijimea visivyoonekana kwa macho, vijidudu hula vijimea, ndagala hula vijidudu, mukeke hula ndagala, nasi twala mukeke. Mwaka 2003 wataalamu walitangaza katika jarida la Nature kwamba maji ya juu yamezidi joto, hata hayachanganyiki na ya chini kama zamani. Walikadiria kuwa uotaji wa vijimea ulipungua kwa asilimia 20 hivi. Penye upungufu wa namna hii, kuvua watoto wa samaki ni kula mbegu kabla ya kupanda.

Mwaka huohuo wa 2003, Juni 12, nchi nne zenye ziwa hili, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilitia sahihi mapatano ya kulitunza pamoja. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi kwa upande wake tangu Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate kuzaa na kukua. Jambo hilo ni jema. Lakini tusisahau kwamba miezi mitatu bila samaki ni miezi mitatu bila makaa kwa mwanamke ategemeaye karai lake. Mtu anayesifu sheria hiyo naye ameshiba, hajaona bado uzito wake.

Basi, tufanye nini sisi tunaokaa kwenye benchi? Twaona ya kuwa mlaji naye ni mvuvi, ingawa hakulowa maji, kwani akiagizacho jioni ndicho kitakachotafutwa usiku. Akiridhika na visamaki, kokoro litavutwa tena kesho. Akimwomba mama samaki mmoja mkubwa agawanywe kwa watu watatu, na akalipa bei ya haki bila kubishana mpaka usiku, amemwachia mama yule nafasi ya kukataa wadogo. Na siku ambapo samaki hakuna, asihame benchi. Aombe maharage na sombe, alipe, akae kama siku zote, ili jiko lisizimike.

Juma lililopita tulirudi pale na wenzetu wawili, tukaomba mukeke mmoja mkubwa kwa watu watatu. Mama alicheka.

«Leo mwalimu amekuja na masharti,» akasema. Kisha akageuza samaki juu ya waya na kuuliza, bila kutuangalia: «Nyinyi ni watatu. Na wengine wote wakija, watasema hivyo?»

Nasi twawaletea ninyi swali lake, ndugu wasomaji, kwa kuwa sisi peke yetu hatuwezi kulijibu.