Faili ya Ramani si Ramani

Leo sikushika kalamu kutafuta sifa. Nimeishika kwa sababu nina deni. Mwaka jana nilimfokea mwenzangu mbele ya watu kwa kosa ambalo hakulitenda, na chanzo cha yote kilikuwa faili moja ndogo ya tarakilishi.

Kisa chenyewe ni hiki. Chama chetu cha Jiografia kilialikwa kwenye maonyesho katika shule moja ya Ruiru. Kwa majuma matatu mimi na mwenzangu tulikuwa tumeandaa ramani ya barabara kuu ya kutoka Ruiru, kupitia Juja, hadi hapa Thika, pamoja na mito ya sehemu hizi: Ruiru, Ndarugu na Chania. Tulitumia QGIS, programu ya bure ya kuchorea ramani. Barabara na mito tulizitoa OpenStreetMap, nazo shule tulizitia wenyewe, moja baada ya nyingine. Siku ya kuondoka nilimwambia mwenzangu, “Wewe nakili ramani kwenye fulashi, twende zetu.” Akanakili. Tukapanda matatu, kifua mbele.

Lo! Tulipofika na kuifungua, kiwambo kilikuwa cheupe pe! Majina ya matabaka yalikuwepo upande wa kushoto: barabara, mito, shule. Kila moja lilikuwa na alama ya onyo. Wageni walikuwa wanatutazama tu. Nami, badala ya kuuliza, nikapayuka, “Umefuta kazi yangu!” Mwenzangu hakujibu neno. Safari ya kurudi Thika tulikaa viti mbalimbali.

Kesho yake mwalimu wetu wa kompyuta aliifungua ile faili kwa programu ya kawaida ya maandishi. Hapo ndipo nilipofunguka macho. Faili ya QGIS yenye kiishio cha qgs ni maandishi matupu. (Ile ya qgz ni hiyohiyo, ila imebanwa.) Ndani yake mna orodha ya matabaka, mpangilio wake, rangi, majina ya kuandikwa na aina ya makadirio ya ramani. Mito yenyewe haimo! Palipohusu mito paliandikwa tu kwamba ipo katika folda iitwayo data, iliyo jirani na faili hii. Kwenye fulashi folda hiyo haikuwepo. Ilikuwa imebaki Thika, salama salimini, katika tarakilishi ya shule. Mwenzangu alikuwa amefanya kile hasa nilichomwagiza: alinakili “ramani”.

Ni kama mtu akuelekeze nyumbani kwake, kisha wewe udhani kwamba maelekezo hayo ndiyo nyumba.

Jambo hili si la QGIS peke yake. Kwa miaka mingi maofisi mengi yalitumia ArcMap ya kampuni ya Esri, ambayo faili zake huishia kwa mxd. Nazo huhifadhi njia ya kufikia data, si data. Data ikihamishwa, alama nyekundu ya mshangao hutokea kando ya tabaka. Tena mxd si maandishi ambayo wewe na mimi twaweza kuyasoma, na Esri ilitangaza kwamba huduma zake kwa ArcMap zingekoma tarehe 1 Machi 2026. Aliye na kazi ya zamani aina hiyo aihamishe mapema.

Kuna wenzangu wanaosema kwamba huu ni ubovu, ati faili ingepaswa kubeba kila kitu. Mimi sikubaliani nao. Mpango huu una faida kubwa. Ukiwa na ramani kumi zinazotumia mito ileile, ukisahihisha mkondo wa Ndarugu mara moja, ramani zote kumi zimesahihika. Kama kila ramani ingebeba nakala yake, ungesahihisha mara kumi na bado ungesahau moja. Ubaya haumo katika faili. Ubaya umo katika kutumia chombo tusichokielewa, kisha kutafuta wa kulaumiwa.

Kwa hivyo napendekeza mambo manne kwa yeyote atakayechora ramani shuleni humu.

Mosi, weka kazi yote katika folda moja, na unapohama, hama na folda nzima. Pili, kumbuka kwamba data ya aina ya shapefile si faili moja. Ina angalau faili tatu, zenye viishio shp, shx na dbf. Ukibeba shp pekee, umebeba kichwa ukaacha kiwiliwili. Ukiona taabu, tumia GeoPackage, ambayo huhifadhi matabaka mengi katika faili moja, na hata mradi wenyewe wa QGIS unaweza kukaa humo. Tatu, kabla ya safari, ifungue kazi yako katika tarakilishi nyingine. Nne, tazama uzito wa faili. Yetu haikufika hata megabaiti moja, ilhali folda ya data ilikuwa nzito mara nyingi zaidi. Ningalitazama, ningalijua.

Kwa walimu wetu nina ombi moja. Mwanafunzi akileta ramani inayofunguka tupu, msimpe sufuri hapo hapo. Mwulizeni kwanza, “Data yako iko wapi?” Huenda hakuzembea. Huenda hakufundishwa tu, kama mimi.

Wahenga walisema hasira hasara. Mimi nilipoteza siku ya maonyesho, jambo dogo, na nusura nipoteze rafiki, jambo kubwa. Nilimwomba radhi faraghani, akanisamehe. Lakini nilimfokea hadharani, basi na radhi hii ni haki yake isomwe hadharani. Ndugu yangu, hukufuta kitu. Ni mimi niliyekutuma na maelekezo, nikaacha nyumba nyuma.