"Aliyejifundisha Mwenyewe" ni Tusi Lililovaa Suti

Siku ukienda maonyesho ya sanaa hapa Nairobi, soma kile kikaratasi kilichobandikwa kando ya mchoro. Kama msanii alisomea London, mara nyingi utaelezwa habari za rangi, mbinu na fikra zake. Kama hakusomea sanaa, utaambiwa alizaliwa kijijini, akahangaika, kisha "akajifundisha mwenyewe". Na mchoro je? Jitafutie.

Watu hulitamka neno hilo kama sifa. Mimi nasema ni tusi.

Chukua Sane Wadu. Alizaliwa 1954, akawa mwalimu, kisha akaacha kazi ili achore. Alipaka rangi hata kwenye nguo zake mwenyewe, akazivaa na kutembea nazo. Majirani wakasema jamaa amerukwa na akili. Jibu lake? Akajiita Sane, yaani mwenye akili timamu. Hadithi tamu, sivyo? Ni tamu mno, na hapo ndipo shida ilipo, kwa sababu wengi wetu huishia hapo hapo. Tunajua kisa cha nguo na jina, lakini hatujui jinsi anavyorundika rangi nzito, wala jinsi mtu na mnyama wanavyoingiliana kwenye turubai zake hadi hujui nani anamfuga nani. Hayo ni maamuzi ya mtu anayefikiri kwa brashi. Ukisema "kipaji tu", umemnyima kazi yake.

Halafu hilo neno lenyewe ni uongo. Samwel Wanjau, mchongaji aliyefariki 2013, alikuwa mpiganaji wa Mau Mau kabla ya kuwa msanii. Alichonga Paa ya Paa, kituo alichoanzisha Elimo Njau na wenzake Nairobi mwaka 1965, akiwa katikati ya wasanii wengine. Wanawe nao wakawa wachongaji. Sasa niambie, hapo nani alijifundisha peke yake? Sane Wadu naye alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha wasanii cha Ngecha, kule Kiambu, miaka ya 1990. Watu wanaokaa pamoja, wanaotazama kazi ya mwenzao na kubishana juu yake, hiyo ni shule. Isipokuwa haitoi cheti.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo najua cheti kinavyofanya kazi katika nchi hii. Bila hicho, chochote unachojua huitwa bahati. Ukiwa nacho, hata kubahatisha kwako huitwa utafiti.

Kuna atakayesema, wacha makasiriko, neno hilo linaonyesha tu kwamba mtu alipambana bila msaada. Sawa. Basi tuulize kwa nini hakukuwa na msaada. Mfumo wa 8-4-4 ulifika mahali ukaondoa sanaa kwenye mtihani wa KCPE, na sote tunajua somo lisilo na mtihani Kenya huishia wapi: kipindi chake kinakuwa cha hesabu. "Alijifundisha mwenyewe" linaifichia aibu serikali, kisha linaigeuza aibu hiyo kuwa hadithi ya kutia moyo.

Na hasara haiishii hapo. Ukirudia kila siku kwamba wasanii wetu walichipuka tu kama uyoga, bila walimu na bila ukoo, umesema nchi hii haina historia ya sanaa. Nchi isiyo na historia ya sanaa yeyote anaweza kuiwakilisha. Mwaka 2013, banda la Kenya kule Venice Biennale lilijaa wasanii wa China na Italia. Mwaka 2015 mpango ukawa karibu ule ule, hadi wasanii wakapiga kelele na serikali ikajitenga nao. Tulishangaa nini? Wageni walikuta kiti tulichokuwa tukisema ni kitupu.

Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi aliyesomea sanaa London, hakulikubali hilo. Alipofanya maonyesho yake makubwa Munich mwaka 2020 na London mwaka 2021, aliweka ndani yake sehemu iliyoitwa Mwili, Akili na Roho, iliyojaa kazi za waliomtangulia Afrika Mashariki, Sane Wadu akiwa mmoja wao. Mwaka 2022, NCAI, taasisi aliyoianzisha hapa Nairobi, ikamfanyia Wadu maonyesho yake mwenyewe. Mwenye vyeti ndiye anayewaita hawa walimu. Sisi bado tunawahurumia.

Kwa hivyo ninyi mnaoandika vile vikaratasi, na sisi tunaoandika makala: tuambieni mkono ulifanya nini. Kwa nini mti huu na si ule, kwa nini rangi imerundikwa hapa na kukwanguliwa pale. Tuambieni msanii alikuwa akibishana na nani. Umaskini wake tunaujua, wengi wetu tunauishi. Tumelipa nauli kuja kuona kazi.