Makala 2,000 ni namba tu, uliza yalimfikia nani

Vijana wa mtandaoni tumezoea kupima mtu kwa namba. Ana wafuasi wangapi? Video yake imetazamwa mara ngapi? Namba ikiwa kubwa tunamwamini, hata akituuzia maji ya mfereji. Kumbe wasomi nao wana ugonjwa huo huo. Kwao namba ni makala ya utafiti. Mwenye mengi ndiye huitwa mkubwa, ndiye hupandishwa cheo, ndiye hupewa pesa za maabara.

Sasa mchukue Andrew Schally. Jamaa huyu alichapisha zaidi ya makala 2,000 ya kisayansi, mengi yakihusu homoni na saratani. Alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 97, na hata baada ya kufika miaka 90 alikuwa bado anachapisha. Ukitaka kumfikia, andika makala moja kila wiki bila likizo kwa zaidi ya miaka 38.

Lakini msimamo wangu ni huu: hiyo 2,000 peke yake haituambii lolote. Kinachomfanya Schally astahili kukumbukwa ni machache kati ya hayo, yale ambayo ukiyafuata moja baada ya lingine unafika kwa mgonjwa. Hiyo njia ndiyo tunafaa kujifunza kuifuata, kwa sababu siku hizi kila mtu mwenye simu anatibu.

Tuifuate basi. Schally alizaliwa 1926 mjini Wilno, wakati huo ukiwa Poland. Leo ni Vilnius, mji mkuu wa Lithuania. Vita vilipozuka 1939 familia yake ilikimbilia Romania. Baadaye akafika Uingereza, akapata kazi ya maabara London, kisha akaenda Kanada na kupata uzamifu katika Chuo Kikuu cha McGill mwaka 1957. Kuanzia 1962 alifanya kazi New Orleans, Marekani, katika hospitali ya wanajeshi wastaafu.

Swali lililomkosesha usingizi lilikuwa rahisi kulisema. Homoni nyingi mwilini huongozwa na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, inaitwa pituitari. Je, pituitari yenyewe hupewa amri na nani? Wachache walishuku kwamba ubongo huituma kwa kemikali, ila hakuna aliyekuwa amezishika mkononi. Schally na Mfaransa Roger Guillemin walianza kuzitafuta pamoja Houston, wakatengana, wakawa mahasimu. Guillemin alichambua ubongo wa kondoo. Schally alienda na nguruwe. Kemikali hizo ni chache ajabu, kwa hivyo ilibidi asage vipande vya ubongo wa nguruwe zaidi ya laki moja ndipo apate chembe ya kupima. Mwaka 1971 timu yake ikachapisha muundo wa homoni moja, LHRH, ambayo ni mnyororo wa asidi amino 10 tu. Hiyo ndiyo amri ambayo ubongo hutoa ili korodani na ovari zifanye kazi.

Mwaka 1977 mahasimu hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel na kugawana nusu yake. Nusu nyingine ilienda kwa Rosalyn Yalow, mama wa New York ambaye pamoja na Solomon Berson walibuni njia ya kupima homoni kidogo sana ndani ya damu. Na sikiza hii: utafiti wao wa miaka ya 1950 kuhusu insulini ulikataliwa kwanza na jarida. Yalow aliihifadhi ile barua ya kukataliwa, akaja kuionyesha kwenye hotuba yake ya Nobel. Kwa hivyo wewe uliyefungiwa mlango juzi, tulia.

Sasa saratani inaingiaje? Mwaka 1941, huko Chicago, Charles Huggins alikuwa ameonyesha kwamba saratani ya tezi dume hulishwa na homoni za kiume. Ukizima testosteroni, uvimbe unanywea. Shida ilikuwa namna ya kuizima. Mgonjwa aliondolewa korodani kwa upasuaji, ama alipewa homoni za kike ambazo zingeweza kumletea shida ya moyo na damu kuganda. Hakuna mzee anayefurahia chaguo kama hizo.

LHRH ilileta mlango wa tatu, tena kwa njia ambayo hukuitarajia. Fikiria makanga. Akikuita mara moja, unageuka. Akikaa chini ya dirisha lako akipiga kelele kutwa nzima, mwisho masikio yanajizima. Pituitari iko hivyo hivyo. Amri ya LHRH ikija kwa vipindi, inatii. Ukiipa dawa inayofanana na LHRH lakini yenye nguvu zaidi, bila kupumzika, siku za kwanza testosteroni inapanda, kisha pituitari inachoka kusikia na testosteroni inaanguka kabisa. Hakuna kisu.

Mwaka 1982 Schally na wenzake, akiwemo mkewe, daktari Mbrazili Ana Maria Comaru-Schally, walichapisha matokeo ya wagonjwa 10 wa saratani ya tezi dume waliotibiwa hivyo. Kumi tu! Lakini mlango ulifunguka. Watafiti wengine wakarudia kwa wagonjwa wengi zaidi, na mwaka 1985 Marekani ikaidhinisha leuprolide, dawa ya aina hiyo. Leo dawa za familia hii hutolewa kwa sindano ya mwezi mmoja ama miezi kadhaa, duniani kote. Hizo hizo hutumika kwa watoto wanaobalehe mapema kupita kiasi, kwa wanawake wenye endometriosi, na katika matibabu ya kutafuta mimba.

Tusimpambe lakini. Sindano hizi zinaishika saratani, mara nyingi haziimalizi, na baadaye inaweza kujifunza kuishi bila homoni. Zina madhara pia: joto la ghafla, kupungua kwa hamu ya mapenzi, mifupa kudhoofika. Na katika yale makala 2,000, mengi yanahusu dawa alizozishughulikia kwa miongo na ambazo hazijawahi kutoka maabara hadi duka la dawa. Sayansi iko hivyo. Njia nyingi hufa katikati.

Ndiyo maana namba hainibabaishi. Mwaka 2023 pekee, majarida ya kisayansi duniani yaliondoa zaidi ya makala 10,000 yaliyokuwa yamechapishwa, mengi yakiwa feki, yameundwa kama chapati za kibanda. Na hapa Nairobi biashara ya maandishi tunaijua. Vijana wengi, wakiwemo walioacha chuo kama mimi, wamelipa kodi ya nyumba kwa kuandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za darasa. Kwa hivyo usiniambie jina juu ya karatasi ni ushahidi.

Hata sisi tuliwahi kuchomeka kama taifa. Mwaka 1990 Kenya ilitangaza Kemron, dawa iliyodaiwa kuwasaidia wagonjwa wa Ukimwi. Kulikuwa na shangwe, kulikuwa na viongozi, na makala ya utafiti yalikuwepo. Kilichokosekana ni wengine kurudia na kupata jibu lile lile. Waliporudia, jibu halikuja. Wagonjwa walikuwa wameshabeba matumaini, na wengine pesa.

Sasa fungua TikTok. Kuna unga wa kusawazisha homoni, chai ya kuyeyusha uvimbe wa kizazi, matone ya kusafisha tezi dume. Msichana mwenye maumivu makali kila mwezi anatuma pesa kwa M-Pesa, anakunywa chai miezi sita, na endometriosi inaendelea kumla ndani kwa ndani. Muuzaji ana namba pia: wafuasi laki tatu na shuhuda mia. Njia ndiyo hana. Ukimuuliza nani alijaribu, wangapi, na nani mwingine alirudia, anakublock.

Maswali ya kuuliza ni manne, na yanamfaa profesa sawasawa na muuza chai. Walijaribu kwa watu wangapi, ama ni panya tu? Nani mwingine, asiyefaidika, alirudia akapata hayo hayo? Nani alilipia? Na madhara wameyasema, ama wamesema haina madhara kabisa? Dawa inayofanya kazi na isiyo na madhara hata kidogo, mse, mimi bado sijaiona. Huhitaji digrii kuyauliza. PubMed ni bure, na ukiandika jina la Schally hapo orodha yake yote inakuja kwa bundles za shilingi 20.

Kuna swali la tano, na hili ni la serikali. Njia ya makala inaishia kwa mgonjwa, si kwenye rafu ya dawa huko Miami ama London. Saratani ya tezi dume ndiyo inaongoza miongoni mwa wanaume Kenya. Sindano ipo tangu miaka ya 80. Mzee akiandikiwa leo kisha aambiwe akanunue nje kwa pesa zake, basi kwake yeye yale makala 2,000 ni kama hayakuandikwa. Wanaotuhesabia hospitali mpya na mashine mpya watuhesabie pia wangapi walipata sindano kwa tarehe yake.

Na sisi tufanye yetu. Mpigie mzee wako simu wikendi hii. Muulize kama huamka usiku mara nyingi kwenda haja, kama mkojo unamkwama, kama kuna mtu katika ukoo aliyeugua. Mwambie amuulize daktari kuhusu kipimo cha damu cha PSA, ambacho msingi wake ni wazo lile lile la Yalow lililokataliwa kwa barua. Atakwambia yuko sawa. Wote husema hivyo. Muulize tena.